Ukimwagikiwa na Chai au Kahawa ya Moto: La Kufanya Tangu Dakika ya Kwanza Hadi Ngozi Ifunge

Kahawa tungu ya Mombasa hunywewa ikiwa moto kweli. Muuzaji huimimina kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, ikaingia katika kikombe kidogo kisicho na mkono, na mnywaji hukishika ukingoni kwa ncha za vidole huku mazungumzo ya barazani yakiendelea. Chai ya maziwa nayo huchemshwa na tangawizi na iliki hadi ifure, kisha hutiwa katika chupa ya chai inayotunza joto lake kwa saa nyingi. Ngozi ya mtu mzima huungua vibaya kwa maji ya nyuzi 60 za selsiasi ndani ya sekunde 5 hivi. Ya mtoto mdogo, kwa kuwa ni nyembamba zaidi, huungua kwa muda mfupi kuliko huo, na maji yakifika nyuzi 70, hata sekunde moja inatosha. Chai iliyoepuliwa sasa hivi imevuka viwango hivyo vyote viwili, na hata ile iliyokaa mezani robo saa bado yaweza kumbabua mtoto.

Mwongozo huu unahusu kuungua kudogo, yaani kule ambako eneo lililoungua halizidi kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake, na ngozi imeungua juu juu tu au imetoa malengelenge machache. Kipimo hicho cha kiganja hutumiwa hata na wauguzi, kwa sababu ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili. Kinachohesabiwa ni kiganja cha aliyeungua, si cha anayemhudumia, kwa hivyo jeraha linaloonekana dogo mbele ya macho ya mama laweza kuwa kubwa kwa mwanawe.

Ninayaandika haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuungua kigasha cha mkono wa kushoto, na nilichofanyiwa siku hiyo kwa nia njema kilinitesa kuliko kahawa yenyewe. Tulikuwa tumeketi mkekani nyumbani kwa jamaa, Mji wa Kale, mtoto akapita mbio, kikombe kikapinduka. Shangazi yangu, ambaye ananipenda kama mwanawe wa kumzaa, alikimbilia bafuni akarudi na dawa ya meno, akaipaka yote juu ya jeraha huku akisema, “Tulia mwanangu, itakupoza sasa hivi.” Nilihisi ubaridi kwa dakika mbili tatu. Kisha ile dawa ikakauka, ikagandamana na ngozi kama chokaa ukutani, na muuguzi aliyenipokea baadaye alilazimika kuibandua kidogo kidogo kwa shashi iliyoloweshwa, ikawa inatoka pamoja na ngozi ya lengelenge. Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja ambalo ningependa kila nyumba ilijue: dawa ya kwanza ya kuungua ni maji, na maji hayo huhitaji dakika 20 kamili.

Hatua ya kwanza: ondoa kinachoshikilia joto

Kuungua hakukomi pale kikombe kinapoanguka. Mkono wa kanzu uliolowa chai, buibui lililoshikana na paja, au soksi iliyonywa kahawa, vyote huendelea kuichoma ngozi kama kitambaa cha kukanda. Kwa hivyo vua nguo iliyolowa mara moja, bila kuona haya na bila kungoja kufika chumbani. Mtu aliye karibu na akusitiri kwa leso. Kwa mtoto mchanga, fungua nepi hata kama chai ilimwagika kifuani, kwa sababu maji moto huteremka na kukusanyika humo. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Kata pembeni yake kwa mkasi, kipande kilichoshika kiache hapo hapo, na umpeleke mtu huyo hospitali baada ya kumpoza.

Vua pia pete, bangili na saa, hata kama havikuguswa na kinywaji, maadamu viko upande ule ule wa mkono ulioungua. Uvimbe huanza mapema, na pete iliyoingia vizuri asubuhi yaweza kukataa kutoka jioni, ikaikaba damu isifike kidoleni. Kama kilichomwagika ni uji na si chai, uoshe kwanza utoke wote, kwa kuwa uji hunata na hubaki na joto lake muda mrefu zaidi juu ya ngozi.

Hatua ya pili: maji, dakika 20

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida wa bomba, kwa dakika 20. Maana yake ni hii: joto likishaingia ndani ya ngozi hubaki humo likiendelea kuharibu tabaka za chini hata baada ya juu kupoa, na maji yanayopita huliondoa, hupunguza kina cha jeraha, hupunguza uvimbe, na hutuliza maumivu. Manufaa hayo hupatikana hata ukichelewa, kwa muda wa saa 3 hivi tangu kuungua. Aliyeungua akiwa dukani au ndani ya matatu, akafika nyumbani baada ya saa nzima, asiseme wakati umepita. Na asimame bombani dakika zile zile 20.

Tazama saa. Nasema hivi kwa sababu maumivu hupungua sana mnamo dakika ya tano, na hapo ndipo karibu kila mtu hufunga bomba akidhani kazi imekwisha. Joto la ndani bado halijatoka. Mtu akikaa kwenye kigoda, mkono ukiwa juu ya beseni, na mwingine akiwa naye anamzungumzisha, dakika 20 hupita bila taabu kubwa.

Hapa kwetu lakini kuna mambo mawili ambayo miongozo mingi iliyoandikwa mbali na Pwani haiyataji. La kwanza ni tangi la darini. Nyumba nyingi hutumia tangi la plastiki lililowekwa juu ya paa, na saa saba mchana, hasa katika miezi ya kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya kwanza yanayotoka bombani huwa ya moto kwa kulala ndani ya mabomba yaliyoota jua. Fungua bomba na uyapime kwa mkono wako mzima kabla ya kumwekea majeruhi, uyaache yapite hadi yale ya moto yaishe. Yakiwa hayapoi, yaache uchukue ya mtungi uliokaa ndani kivulini.

La pili ni bomba kavu. Mitaa mingi ya kisiwani na ya bara hukaa siku kadhaa bila maji ya mfereji, na watu hununua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni. Asifikiri mtu kwamba bila bomba hawezi kujipoza. Mtungi mmoja unatosha: lita 20 kwa dakika 20 ni lita 1 kila dakika, nao ni mkondo mwembamba unaofaa kabisa. Weka beseni safi chini, mwagie polepole kwa kopo au kata, na maji yaliyoanguka ndani ya beseni unaweza kuyateka tena na kuyamwagia upya mradi beseni ni safi na maji hayajapata joto. Maji ya kisima, hata yakiwa na chumvi kidogo kama yalivyo ya visima vyetu vingi, yanafaa kupozea ngozi ambayo haijachubuka. Ukimaliza, isuuze kwa maji safi. Ikiwa huna ila chupa moja ya maji ya kunywa, lowesha kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha, na ukiloweshe tena kila baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu kitambaa huvuta joto, kikapata joto chenyewe na kuacha kufanya kazi.

Barafu isitumike, wala maji yaliyotoka kwenye friji yakiwa karibu kuganda. Ubaridi mkali hubana mishipa midogo ya damu mahali ambapo ngozi iliyojeruhiwa inaihitaji damu hiyo, na waweza kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Kwa mtoto mdogo, mmwagie sehemu iliyoungua pekee na umfunike kwingine kwa leso kavu, kwa maana mtoto hupoteza joto upesi hata katika mji wenye joto kama huu. Akianza kutetemeka au kulegea, acha maji na umkimbize hospitali. Uso upozwe kwa kitambaa chenye maji kinachobadilishwa mara kwa mara, mtu akiwa ameketi wima.

Visivyopakwa, na namna ya kumjibu mzee

Dawa ya meno, samli, siagi, unga wa ngano, ute wa yai, chumvi, majivu, asali ya nyumbani, mafuta ya nazi: hakuna hata kimoja kinachopakwa juu ya jeraha jipya la moto. Mafuta ya aina yoyote hufunika ngozi na kulizuia joto lisitoke. Yai bichi laweza kuingiza vijidudu. Unga na dawa ya meno hugandamana, na mwuguzi hawezi kuliona jeraha mpaka avitoe, jambo ambalo linaumiza sana, nami nalijua. Utomvu wa mshubiri uliokatwa uani hautiwi ila juu ya ngozi ambayo haikutoka lengelenge wala kuchubuka, tena baada ya maji, si badala yake.

Ugumu wake ni kwamba anayekuletea samli huwa ni mama, bibi au shangazi, na mtu hawezi kumsukuma mkono mzee wake. Nimeona inafaa kumpa kazi nyingine papo hapo: “Ahsante shangazi, hebu nisaidie kunimwagia maji kwanza, dakika ishirini tu.” Aliyekuja mbio kwa huruma hupata la kufanya, na dakika hizo 20 zikipita, haja ya kupaka kitu huwa imepungua kwa wote.

Hatua ya tatu: litazame jeraha katika mwanga mzuri

Baada ya maji, kausha pembeni kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua, kisha uangalie. Vitabu vingi husema ngozi iliyoungua juu juu huwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde wekundu huo mara nyingi hauonekani. Eneo huweza kuwa jeusi zaidi, la zambarau au la kijivu, na njia bora ni kugusa pembezoni na kulinganisha na mkono wa pili: je, kuna joto, uvimbe, mng’ao, maumivu?

Ikiwa ngozi inauma na haina lengelenge, ni kuungua kwa tabaka la juu tu, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja bila kovu. Ikiwa kuna malengelenge, au yamepasuka na chini yake kuna ngozi yenye unyevu, ya waridi, inayouma hata kwa upepo, tabaka la pili limeguswa. Hilo hupona kwa wiki 2 hadi 3 likitunzwa. Ikiwa mahali hapo ni peupe, ni pakavu, pamekuwa pagumu kama ngozi ya ngoma, au hapaumi hata ukipagusa, basi kuungua kumeingia ndani. Kutoumwa kwa namna hiyo ni ishara mbaya, kwa sababu mishipa ya fahamu yenyewe imeungua.

Nenda hospitali, baada ya kupoza, ikiwa mojawapo ya haya lipo:

– jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, au ni peupe na halina maumivu;
– limetoa malengelenge usoni, shingoni, mkononi kuanzia kifundo hadi vidole, kwenye nyayo, sehemu za siri, au juu ya kiungo kinachokunjika;
– limezunguka kidole, mkono au mguu mzima kama pete;
– aliyeungua ni mtoto chini ya miaka 5, mzee wa miaka 60 na zaidi, mjamzito, au mtu mwenye kisukari au maradhi yanayopunguza kinga ya mwili;
– huelewi jinsi mtoto alivyoungua, au maelezo unayopewa hayalingani na jeraha.

Mwenye kisukari ninamtaja kwa msisitizo. Wengi wao wamepoteza hisia za nyayo bila kujua, chai humwagika miguuni wakaona ni jambo dogo kwa kuwa haiumi, na jeraha linakuja kugunduliwa likiwa limeoza.

Hospitali za umma zilizo karibu ni Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani, ya Tudor, ya Port Reitz kwa walio upande wa Changamwe, na ya Likoni kwa walio kusini. Kwa anayetoka Likoni kuja kisiwani, tafadhali asiende kupanga foleni ya feri kabla ya zile dakika 20 za maji. Foleni yaweza kumaliza muda wote ambao maji yangemfaa. Nambari za dharura ni 999 na 112. Ukifika, uliza pia juu ya sindano ya pepopunda. Watoto waliokamilisha chanjo zao za kliniki huwa wamekingwa, lakini mtu mzima ambaye imepita miaka 10 tangu sindano ya mwisho, au miaka 5 ikiwa jeraha liliingia uchafu, atahitaji nyingine.

Hatua ya nne: funika bila kubana

Kabla ya kufika kwa muuguzi, kifuniko bora ni ile karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula inayouzwa kwa roli katika maduka makubwa. Tupa mzunguko wa kwanza wa roli, kisha ulaze kipande juu ya jeraha. Kilaze tu, usikizungushe mkono mzima, ili uvimbe upate nafasi. Hainati kwenye jeraha na daktari huona kupitia kwake. Miongozo ya nchi nyingine hutaja mfuko safi wa plastiki kwa mkono ulioungua, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo tumia leso ya pamba iliyofuliwa na kupigwa pasi. Usoni usiweke plastiki.

Kwa jeraha dogo utakalolitunza nyumbani, nunua famasi shashi isiyonata, ile iliyopakwa mafuta ya mgando yaitwayo parafini laini (si mafuta ya taa), uiweke moja kwa moja juu ya jeraha, kisha shashi kavu juu yake, kisha bandeji iliyolegea kiasi cha kupitisha kidole. Pamba ya nyuzi isiguse jeraha, kwa sababu nyuzi hubaki ndani. Ile krimu nyeupe yenye madini ya fedha ambayo wauzaji wengi huitoa kwa kila aliyeungua haihitajiki kwa jeraha dogo na safi, na huweza kuchelewesha kupona. Usiitumie ila daktari akuandikie.

Maumivu

Parasetamoli inatosha kwa wengi. Mtu mzima humeza miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kupita miligramu 4,000 kwa saa 24. Mtoto hupewa kwa kipimo cha uzito wake, kwa hivyo soma karatasi ya dawa au umuulize mfamasia. Aspirini wasipewe walio chini ya miaka 16. Ibuprofeni isitumiwe na mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo, na kwa kuwa Mombasa hupata milipuko ya dengi, homa inayoenezwa na mbu, mtu mwenye homa asiyojua chanzo chake aiepuke pia. Kuinua mkono au mguu juu ya mito hupunguza mpwito kuliko watu wanavyodhani, hasa usiku wa kwanza.

Hatua ya tano: siku za bandeji

Fungua bandeji kwa mara ya kwanza baada ya saa 48, kwa sababu jeraha la moto hubadilika katika siku mbili za mwanzo, na lililoonekana la juu juu laweza kudhihirika kuwa la ndani zaidi. Baada ya hapo badilisha kila baada ya siku 2 au 3, au mapema zaidi ikiwa imelowa, imechafuka au inanuka. Katika joto letu hulowa mara nyingi kwa jasho tu, na bandeji iliyolowa haikingi kitu. Wakati wa kaskazi mimi nilibadilisha kila siku, na nilikaa kwenye upepo wa feni kadiri nilivyoweza.

Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, uyatumie kuloweshea shashi iliyonata mpaka iachie yenyewe. Ikiachia, osha jeraha taratibu kwa maji hayo na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa, ufunge upya. Kuvuta shashi kavu ni kuivua ngozi mpya iliyoanza kuota.

Lengelenge lililo zima usilitoboe. Langu kubwa lilikuwa na ukubwa wa korosho, limejaa maji ya rangi ya manjano hafifu, likinivutia kulibonyeza kila nilipoliangalia. Lakini ile ngozi ya juu ni kifuniko safi kuliko bandeji yoyote ya dukani. Likipasuka lenyewe, oshea hapo hapo, iache ngozi yake ilale juu ya jeraha, na ulifunike. Lililo kubwa mno, au lililokaa kwenye kiungo likizuia kukunja, litolewe maji na muuguzi kwa kifaa safi.

Anayeswali hujiuliza kuhusu udhu. Fiqhi imemruhusu mwenye bandeji kupangusa juu yake kwa mkono wenye unyevu badala ya kuosha kiungo hicho, na kwa undani wa suala hilo amuulize imamu wa msikiti wake. Kwa upande wa tiba, kilicho muhimu ni kwamba bandeji isiloweshwe mara tano kwa siku. Bahari nayo iachwe hadi ngozi ifunge. Wako wanaoamini maji ya chumvi hukausha vidonda, lakini maji ya bahari yenye joto hubeba bakteria wanaoweza kuambukiza jeraha lililo wazi, na ufuo wa karibu na mji hupokea pia maji machafu.

Kula kama kawaida, na zaidi vyakula vya kujenga mwili: samaki, mayai, kunde, maharagwe, maziwa. Mwili unaoota ngozi unavihitaji, kwa hivyo majeruhi asikatazwe.

Ikiwa uliungua ulimi au kaakaa kwa kunywa haraka, sukutua na umeze maji baridi, na hapa kipande cha barafu cha kufyonza kinaruhusiwa. Kula vyakula laini visivyo na pilipili wala ndimu kwa siku chache, na hupona upesi. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa kugumu, au mtoto akidondokwa mate bila kukoma, ni hospitali mara moja, maana koo linaweza kuwa linavimba.

Ishara za kurudi hospitali

Maumivu ya kuungua hupungua siku hadi siku. Yakianza kuongezeka baada ya siku ya pili au ya tatu, usaha ukitoka, harufu ikibadilika, joto na uvimbe vikisambaa nje ya mpaka wa jeraha, au homa ikipanda, jeraha limeingiwa na maambukizi. Kwa mtoto kuna jambo la kuogopwa zaidi: akipata homa kali, upele, kutapika au kuharisha, akawa mnyonge ndani ya siku chache baada ya kuungua, hata kama jeraha lenyewe ni dogo na linaonekana safi, asingojewe mpaka asubuhi. Sumu ya bakteria huweza kuingia mwilini kupitia jeraha dogo kama hilo, na hali hiyo huzidi haraka. Jeraha ambalo halijafunga baada ya wiki 2 nalo lionwe na daktari, kwa kuwa yale yanayopita wiki 3 ndiyo yanayoacha makovu.

Hatua ya sita: ngozi mpya

Jeraha likishafunga, huja mwasho. Kwangu ulianza wiki ya pili, usiku hasa, na ulinikosesha usingizi kuliko maumivu yalivyonikosesha. Usikune, ngozi mpya huchubuka kwa ukucha mmoja. Paka mafuta ya mgando au mafuta safi ya nazi yasiyotiwa manukato, ambayo sasa yanafaa kwa kuwa ngozi imefunga, mara 2 au 3 kwa siku, ukikanda kwa dole gumba kwa mizunguko midogo. Kitambaa chenye maji baridi husaidia, na mwasho ukizidi mfamasia atakupa kidonge cha mzio cha kumeza usiku.

Rangi ya mahali hapo itatofautiana na ngozi nyingine, ama nyeupe ama nyeusi zaidi, na kwa kuungua kidogo kwa kawaida hurudi polepole kwa miezi kadhaa. Kinachoiharibu ni jua. Ngozi hiyo mpya huungua upesi na hubaki na madoa, kwa hivyo ikingwe kwa nguo ya mikono mirefu au krimu ya kukinga jua kwa miezi 6 hadi mwaka mmoja, hasa kwa wavuvi, wachuuzi wa ufuoni na waendesha bodaboda ambao mikono yao hukaa juani kutwa. Krimu za kung’arisha zisiguse hapo.

Kwa akina dada wanaojiandaa kwa harusi au Idi: msitie hina juu ya ngozi hiyo mpaka iwe imara kabisa, na piko nyeusi msiitie hata kidogo. Piko nyingi huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuunguza hata ngozi nzima, ikaacha malengelenge yenye umbo la lile ua lililochorwa.

Baadhi yetu pia tuna ngozi yenye desturi ya kuota makovu yaliyoinuka, hata kwa kidonda kidogo cha kutoboa sikio. Ukijijua kuwa hivyo, au jamaa zako ni hivyo, papase mahali ulipoungua kila wiki hata baada ya kupona. Pakianza kuinuka, kuwa pagumu, au kutanuka kupita mpaka wa jeraha la awali, nenda kliniki ya ngozi mapema, kovu lingali changa, kwa sababu hapo ndipo bandeji za silikoni na sindano za kulilainisha hufanya kazi vizuri zaidi.